Nani amlipe mchungaji wa kanisa changa?

Mtu akitangaza leo kwamba anataka kuanzisha kanisa jipya la Kibaptisti, iwe ni Tandahimba au Kitengela, swali la kwanza atakaloulizwa ni mfadhili wake nani. Limezoeleka kiasi kwamba hakuna anayelishangaa. Wapo vijana waliohitimu vyuo vya Biblia, wenye wito na bidii, ambao hukaa miaka wakiandika maombi ya fedha kwa makanisa ya Texas na Georgia badala ya kwenda kuishi na watu wanaotaka kuwahubiria. Makala haya yana hoja moja. Kwa Wabaptisti, suala la nani anamlipa mchungaji haliishii kwenye daftari la mhasibu. Linagusa imani yenyewe. Kanisa changa linapoanza kwa mshahara unaotoka mbali, linapoteza kile hasa kinacholifanya liwe la Kibaptisti. Fedha za nje zina mahali pake, tena mahali papana, ila si kwenye mshahara wa mchungaji.

Mkatoliki, Mwanglikana na Mlutheri wana askofu na dayosisi. Padri au mchungaji hupangiwa kituo, huhamishwa, na mara nyingi posho yake hupitia ofisi iliyo juu ya usharika wake. Wabaptisti hawana ngazi hiyo. Kila kusanyiko linajitawala chini ya Kristo, na washiriki wake ndio wanaopiga kura kumwita mchungaji, kupokea washiriki wapya, kuchagua mashemasi na kuidhinisha matumizi. Jumuiya ya kitaifa inaweza kushauri, kusaidia, hata kulitoa kanisa kwenye uanachama, lakini haina mamlaka ya kumhamisha mchungaji wa kanisa lolote. Sasa tazama kinachotokea mchungaji huyo anapolipwa na ofisi iliyo ng'ambo ya bahari. Taarifa zake huziandika kwa ajili ya ofisi hiyo, na idadi ya waliobatizwa huihesabu kwa ajili yake. Washiriki wanaweza kupiga kura ya kumpinga, lakini chakula chake hakipo mikononi mwao, kwa hiyo kura yao inabaki desturi tu. Nao hujifunza somo lao upesi: kanisa lina mwenyewe, na mwenyewe si wao. Hapo ndipo sadaka ya Jumapili inapogeuka sarafu za kupitisha kikapu.

Wazee wa imani hii hawakuanza hivyo. Thomas Helwys, aliyeanzisha kanisa la kwanza la Kibaptisti katika ardhi ya Uingereza, eneo la Spitalfields mjini London mwaka 1612, alitoka kwenye mfumo ambao watumishi wa kanisa waliishi kwa zaka iliyotozwa kwa nguvu ya sheria. Alidai kwamba mfalme hana mamlaka juu ya roho za watu, akaishia gereza la Newgate. Kundi lake lilijua tangu mwanzo kwamba kanisa lisilotegemea dola litaishi kwa hiari ya watu wake au halitaishi. George Liele, mtu aliyewahi kuwa mtumwa huko Georgia, alifika Jamaika mwanzoni mwa miaka ya 1780 akiwa na deni la nauli. Alilima, akasafirisha mizigo kwa gari la farasi, akalipa deni lake, na wakati huohuo akawakusanya watumwa waliokuwa hawana karibu chochote na kuwafanya kanisa. Hiyo ilikuwa miaka kadhaa kabla ya siku ile ya Oktoba 1792 ambapo wachungaji wachache wa Kibaptisti waliokutana Kettering, Uingereza, waliahidi pauni 13, shilingi 2 na peni 6 na kuunda chama cha misheni kilichomtuma William Carey, fundi viatu, kwenda India. Carey mwenyewe, baada ya kupata kazi ya kusimamia kiwanda cha rangi ya nili huko Bengal, aliwaandikia waliomtuma kwamba hahitaji tena msaada wao wa kujikimu.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni wa Sandy Creek, North Carolina. Mwaka 1755 Shubal Stearns alihamia huko na kikundi kidogo cha watu 16 kutoka kaskazini, wengi wao wakiwa ndugu. Hakukuwa na bodi nyuma yao. Morgan Edwards, mchungaji na mwanahistoria aliyezunguka makanisa ya eneo hilo, aliandika kwamba katika miaka 17 kanisa hilo moja lilikuwa limezaa makanisa 42, ukihesabu watoto, wajukuu na vitukuu, na wahubiri 125 wakatokea humo. Tukikubali hata kwamba Edwards alihesabu kwa ukarimu, kasi hiyo haielezeki kwa fedha. Wahubiri wengi walikuwa wakulima, na kila kanisa liliwatoa kutoka miongoni mwa watu wake. Kuongezeka kwao hakukusubiri bajeti ya mtu yeyote. Kama kila kanisa jipya lingehitaji mshahara kutoka Boston, Sandy Creek ingebaki kanisa moja.

Najua jibu litakalotolewa: hao walikuwa watu wenye mashamba yao, sisi huku ni maskini. Ndilo pingamizi zito kuliko yote, na linastahili ushahidi kutoka kwa watu maskini kweli. Wakaren wa Bassein, katika nchi inayoitwa leo Myanmar, walikuwa kabila lililodharauliwa, na waliomgeukia Kristo walitozwa faini, wakapigwa na kufungwa na maofisa wa mfalme wa Burma. Mmisionari wa Kimarekani Elisha Abbott, aliyefanya kazi nao katikati ya karne ya 19, alisukuma jambo ambalo wenzake wengi waliliona ukatili: makanisa ya Wakaren yawalishe wachungaji wao yenyewe, bila mshahara kutoka Marekani. Yakafanya hivyo, kwa mpunga na kwa senti. Wachungaji waliishi kama walivyoishi washiriki wao. Miongo michache baadaye mmisionari C. H. Carpenter alikuwa na habari za kutosha kuandika kitabu kizima, kilichotoka mwaka 1883, kuhusu namna makanisa hayo yalivyojitegemea na kujenga shule zao. Jirani yao, katika milima ya Mizoram huko India, Wakristo wa Kipresbiteri na Kibaptisti wana desturi ambayo mama yeyote wa Mbeya au Kakamega ataielewa bila kufafanuliwa: kabla ya kupika, mama wa nyumba huchota konzi moja ya mchele na kuiweka pembeni kwa ajili ya Mungu. Mchele huo hukusanywa, huuzwa, na hulipia wainjilisti. Jimbo hilo si tajiri, lakini limetuma wamisionari wengi nje ya mipaka yake.

Kwa hiyo umaskini ni kweli, lakini hautoi hitimisho ambalo wengi hulitoa. Hesabu yenyewe ni nyepesi. Familia kumi zikitoa zaka kamili, jumla yake ni pato la familia moja ya wastani miongoni mwao. Mchungaji atakayelishwa na familia kumi za wakulima wa korosho ataishi kama mkulima wa korosho, si kama mfanyakazi wa shirika la kimataifa, na hapo ndipo ugumu wetu ulipo. Tumeingiza kiwango cha maisha ya mchungaji kutoka mahali pengine, kisha tunashangaa kwamba kijiji hakiwezi kukigharamia. Ni kweli kwamba mapato ya kijijini huja kwa msimu. Basi na zaka ije kwa msimu: mahindi wakati wa mavuno, fedha korosho zinapouzwa, kuku na mayai katikati. Kanisa lenye mweka hazina mwaminifu na ghala dogo linaweza kusawazisha mwaka.

Wanaotaka kujifunza kutoka Marekani wajifunze historia yote, si sura yake ya mwisho tu. Wabaptisti wa Kusini walianza mwaka 1919 kampeni ya kukusanya dola milioni 75 kwa miaka mitano. Ahadi zikapita milioni 92, bodi zao zikaanza kutumia kana kwamba fedha ziko mkononi, kisha bei ya mazao ikaanguka na kilichoingia kikawa milioni 58 na ushei. Madeni yakabaki. Mwaka 1928 ikagundulika kwamba mweka hazina wa bodi yao ya misheni ya ndani, Clinton Carnes, alikuwa ameiba zaidi ya dola 900,000. Iliwachukua hadi mwaka 1943 kulipa madeni yote. Kati ya maumivu hayo ndipo ulipozaliwa, Mei 1925 mjini Memphis, mpango wao wa ushirika: kila kanisa linaamua lenyewe ni sehemu gani ya sadaka zake itaingia kwenye kapu la pamoja, na kapu hilo linagharamia misheni ya ndani, misheni ya nje na seminari. Mpango huo umedumu miaka mia moja kwa sababu haukugusa uhuru wa kanisa la mahali. Kanisa linatoa kwa hiari, na linaweza kuacha.

Bodi yao ya misheni ya Amerika Kaskazini, ambayo hupata pia sadaka maalumu ya Pasaka iitwayo kwa jina la Annie Armstrong, huwasaidia wapandaji wa makanisa kwa njia inayofaa kutazamwa kwa makini. Mwombaji hafiki kwenye fedha kabla ya kupita milango kadhaa. Lazima awe na kanisa linalomtuma na kuwajibika kwa ajili yake. Yeye na mkewe hufanyiwa tathmini: ndoa yao, madeni yao, tabia, uwezo wa kukusanya watu. Hupata mafunzo na mlezi anayekutana naye mara kwa mara. Fedha zikija huja kwa miaka michache na hupungua kadiri muda unavyokwenda, na kanisa jipya hutarajiwa kuanza mapema kutoa kwenye kapu la pamoja. Hata Marekani, nchi yenye makanisa tajiri kiasi hicho, msaada wa fedha una mwisho unaojulikana tangu siku ya kwanza. Kinachosikitisha ni kwamba wengi wetu tumeiga hundi, tukaacha milango iliyo mbele yake.

Na hundi zenyewe hukauka. Wamisionari wa Wabaptisti wa Kusini waliingia Tanganyika na Kenya mwaka 1956, na matunda yao yapo: seminari ya Arusha, chuo cha theolojia cha Limuru, hospitali waliyoianzisha Mbeya, na makanisa mengi. Nayaheshimu. Lakini mwaka 2015 bodi iliyowatuma, ile ya misheni ya nje, ilitangaza kwamba ilikuwa imetumia dola milioni 210 zaidi ya mapato yake katika muda wa miaka michache, na kufikia mapema mwaka 2016 wamisionari na wafanyakazi wake 1,132 walikuwa wameacha kazi. Kanisa lililofundishwa kujilisha halikutikiswa na habari hiyo. Lililokuwa likisubiri posho ya mwisho wa mwezi liliachwa na deni la kodi na mchungaji anayetafuta kazi nyingine.

Njia iliyo bora, kwa maoni yangu, ni ya zamani: kanisa mama. Kanisa lililokwishasimama linaona kata au mtaa usio na ushuhuda. Linafungua kituo cha kuhubiri kwenye baraza la mshiriki anayeishi huko, au kwenye darasa la shule ya msingi linalokodishwa Jumapili. Halitumi mtu mmoja peke yake. Linatuma familia nne au tano zinazokubali kuhamisha ushirika wao, na ndani yake wawepo mtu anayejua kutunza hesabu na mama anayejua kufundisha watoto. Tangu Jumapili ya kwanza sadaka ya kituo inahesabiwa na watu wa kituo, inaandikwa kwenye daftari lao, na posho ya mwinjilisti inatoka humo, hata ikiwa ni debe la mahindi na nauli tu. Kanisa mama hulipia vingine: kodi ya chumba, vitabu, bima ya afya ya mwinjilisti, usafiri wa wazee wanaokuja kumtembelea. Mwaka wa pili linalipa nusu ya hayo. Mwaka wa tatu linalipa kidogo au haliongezi kitu. Watu wakishabatizwa wa kutosha, mashemasi wakapatikana na wazee wakajulikana, kusanyiko hukutana, hupokea katiba yake, humwita mchungaji kwa kura, na makanisa jirani huja kuthibitisha na kumwekea mikono. Ndipo huomba kupokelewa kwenye ushirika wa makanisa ya eneo.

Wengi hudharau karatasi, na karatasi ndizo zinazoua makanisa machanga. Tanzania, jumuiya ya kidini husajiliwa chini ya Sheria ya Jumuiya na Msajili wa Jumuiya aliye katika Wizara ya Mambo ya Ndani, naye atataka katiba na orodha ya viongozi. Ardhi ni jambo jingine. Kiwanja kikinunuliwa kwa jina la mchungaji, au kwa jina la mfadhili, siku mtu huyo akifa au akigombana na washiriki, kanisa litajikuta mahakamani likidai jengo lililojengwa kwa matofali yake lenyewe. Dawa inajulikana: wadhamini waliosajiliwa RITA, wakala wa serikali wa usajili na udhamini, na hati kuandikwa kwa jina la bodi ya wadhamini. Kanisa mama au jumuiya ya makanisa inaweza kushika hati hiyo kwa muda, kwa makubaliano yaliyoandikwa yanayotaja siku ya kuikabidhi. Bila maandishi hayo, kanisa mama nalo huweza kugeuka bwana wa mtoto wake, na uhuru uliookolewa kutoka kwa mfadhili wa mbali unapotea kwa jirani.

Fedha za nje ziende wapi basi? Kwanza kwenye mafunzo, kwa kuwa mafunzo hayamfanyi mshiriki aache kutoa. Pili kwenye mfuko wa mikopo ya ujenzi unaozunguka. Wabaptisti wa Uingereza wana mfuko wa namna hiyo, ulioanzishwa mwaka 1824, unaokopesha makanisa bila riba. Kanisa likirejesha, fedha ileile inakwenda kuezeka jengo la kanisa lingine. Watu wetu wanajua vizuri kazi hii, kwa sababu wanaifanya kila wiki katika VICOBA na SACCOS. Mfadhili akitoa fedha za mabati kama zawadi, ataezeka paa moja. Zikiingizwa kwenye mfuko unaosimamiwa na ushirika wa makanisa, wenye kanuni zinazoheshimiwa, zitaezeka mapaa mengi na hakuna kanisa litakalojiona ombaomba. Tatu ni kiwanja mijini. Bei ya ardhi Dar es Salaam au Nairobi haina uwiano na sadaka ya watu hamsini, na sioni ubaya makanisa makubwa yakishirikiana kununua eneo mapema kabla mtaa haujajaa.

Wako watakaosema kwamba Paulo mwenyewe alipokea misaada kutoka Filipi, na kwamba aliwachangisha watu wa mataifa kwa ajili ya maskini wa Yerusalemu. Ni kweli, na hoja hii haipingi kupokea. Ila mchango wa Yerusalemu ulikuwa wa njaa na dhiki, na ule wa Filipi ulimsaidia mtume aliyekuwa safarini akifungua mahali papya. Hakuna mahali tunapomwona Paulo akipanga mshahara kutoka Antiokia kwa wazee wa Korintho au Efeso. Huko Korintho yeye mwenyewe alishona mahema pamoja na Akila na Prisila. Wengine watasema kwamba mchungaji mwenye kazi mbili huchoka, anaandaa mahubiri usiku, na familia yake huumia. Hilo nalikubali kwa uzito wote, na jibu lake ni kwamba asiachwe peke yake. Wazee wawili au watatu wanaogawana mahubiri na ziara za wagonjwa watafanya kazi kubwa kuliko mtu mmoja anayelipwa kila kitu na kutarajiwa kufanya kila kitu. Cherehani, darasa la shule, shamba au bodaboda humweka pia mchungaji kati ya watu wasiofika kanisani, na hiyo ni faida ambayo hakuna posho inayoinunua. Makusanyiko ya Wakongo wanaozungumza Kiswahili huko Marekani, yanayoabudu mchana katika majengo yanayoazimwa na makanisa ya wenyeji, yanaishi hivyo leo: wachungaji wao wengi hutoka zamu ya usiku na kwenda ibadani.

Kuna shinikizo jipya ambalo waanzilishi wa zamani hawakulijua. Rwanda ilifunga makanisa zaidi ya 700 mjini Kigali mwaka 2018 kwa sababu za usalama wa majengo, kelele na vibali, kisha ikaweka sheria inayodai viongozi wawe na shahada ya theolojia. Kenya ilisimamisha usajili wa makanisa mapya mwaka 2014, na mwaka 2023, miili ya wafuasi wa mhubiri mmoja ilipoanza kufukuliwa Shakahola, ambayo hatimaye ilizidi 400, Rais aliunda kikosi kazi kuhusu usimamizi wa mashirika ya dini chini ya Mutava Musyimi, ambaye aliwahi kuwa mchungaji wa Nairobi Baptist. Mtu anaweza kusema kwamba masharti haya yanathibitisha haja ya wafadhili wakubwa, kwa kuwa shahada na majengo yenye vyoo na maegesho hugharimu sana. Naona kinyume chake. Serikali zinaogopa wahubiri wasiojibu kwa mtu yeyote, na mhubiri anayelipwa na wageni wasiomjua vizuri ni mmoja wao. Anayetumwa na kanisa mama ana watu wa kumwuliza maswali, wanaomjua tangu ujana wake, wanaosoma hesabu zake kila robo mwaka.

Kwa hiyo makanisa yaliyokwishasimama, yale yenye paa, kwaya na akaunti ya benki, ndiyo yanayodaiwa. Yakae na mashemasi wao yaainishe mtaa mmoja, familia tano, daftari la sadaka, kiwango cha msaada wa miaka mitatu na tarehe ya mwisho wake, na jina la atakayeshika hati. Mkutano wa kulikabidhi kanisa changa uhuru wake ukifika, ajenda yake iwe na kura ya kumwita mchungaji, makabidhiano ya akaunti na hati, na baada ya hayo kura nyingine: ni sehemu gani ya sadaka za kusanyiko hilo jipya itakayoanza kutengwa, kuanzia Jumapili inayofuata, kwa ajili ya kituo litakachofungua lenyewe.